Babu wa Kuazima

Mnaoniuliza kwa nini sidaki tena mpira, na kwa nini nikipita Galerie d'Ixelles nashika upande wa maduka ya vitambaa badala ya upande wa kinyozi, kaeni niwaambie leo, maana aibu hii nimeibeba peke yangu mpaka mgongo unauma. Niliazima babu. Sikuazima koti wala baiskeli, niliazima babu wa mtu, marehemu, mwenye mtoto aliye hai, na nikatembea naye Brussels wiki tatu nzima kama kofia mpya.

Mnanijua, mimi si mtu wa kukaa. Kamina, Lubumbashi, Lusaka, Nairobi, Marseille, halafu hapa, chumba kimoja Schaerbeek ambako tramu ikikata kona vioo vinatetemeka na mimi, nikiwa nusu usingizini, naamini ni treni ya Kamina inaingia na mama yangu anaanua nguo kabla moshi haujafika. (Nina miaka arobaini na sita, na bado naamka nikitafuta zile nguo.) Jumamosi moja mvua ilikuwa inanyesha, nimekaa kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya kichwa imeshanyolewa, ndipo akaingia Papa Anaclet na daftari lake.

Papa Anaclet ni katibu wa yale mashindano yetu ya kiangazi kule Koekelberg, ambapo kila timu ni ya watu wa asili moja, hawa wa ziwa lile, wale wa mlima ule. Ili ucheze ni lazima uandikishe jina la babu yako na kijiji chake, na siku ya mechi unasimama mbele ya kipaza sauti unautaja ukoo wako, halafu mkubwa wa familia anakupaka pemba, ule udongo mweupe wa baraka, mikononi. (Kwa kuwa pemba haiuzwi Brussels, watu wengi hupakwa poda ya watoto.) Sheria ilikuja baada ya timu moja kuleta kijana mwenye miguu ya ajabu waliyesema ni wa kwao, mpaka alipofunga goli na kushangilia kwa Kireno.

Papa Anaclet alinitazama kwenye kioo. "Weye, mikono yako ni mirefu. Ulishaka kudaka mupira?"

"Shuleni, Kamina."

"Bon. Golikipa wetu amepasuliwa goti. Sasa uniambie, weye njo mujukuu ya nani, na kijiji ni gani?"

Hapo ndipo ilinipasa niseme sijui, na sasa hivi ningekuwa nakunywa nanyi kahawa pale pale kwa kinyozi. Baba yangu alilelewa misheni, hakuna aliyemwambia alitoka wapi, na kila nilipomuuliza kijiji chetu alijibu, "Shiye ni bantu ba reli," sisi ni watu wa reli, halafu anaongeza sauti ya redio. Lakini kinyozi alikuwa amezima mashine akisubiri jibu langu, na wanaume wanne kwenye benchi walikuwa wananitazama, na katika ule ukimya nikamwona mzee jirani yetu wa kambi ya reli, Papa Ngoie Kisula, amekaa kwenye kigoda chake anachonga mpini wa shoka.

Nilikuwa na miaka saba, au minane. Kila jioni nilimletea ndoo ya maji kutoka bombani kwa sababu miguu yake ilikuwa imeshachoka na reli, naye alinilipa kwa hadithi za kwao, kule ambako Mto Lualaba unatanuka na kuwa maziwa, na matete yanasukana mpaka yanakuwa visiwa, na watu wanajenga juu yake, na unaweza kulala nyumba yako ikitazama magharibi ukaamka ikitazama mashariki, upepo umeisogeza na hakuna aliyeshtuka, sufuria bado iko jikoni. Mimi nilidhani anatania. Nilipokuwa mkubwa nikasikia kwamba visiwa hivyo vipo kweli, na tangu hapo kila nchi niliyohamia nimeingia kama mtu aliyelala kwenye matete.

"Ngoie Kisula," nikasema. "Wa Mulenda."

"Mujukuu ya Kisula," Papa Anaclet akasema polepole, akiandika. "Donc weye ni wetu."

Basi ndugu zangu, hamjui maneno hayo yanafanya nini kwa mtu aliyekaa Ulaya miaka kumi na tatu bila kuambiwa ni wa nani. Kinyozi alikataa pesa yangu. Wiki hiyo hiyo nikaalikwa ubatizo Schaerbeek, nikapewa kiti cha mbele, vijana wakaniita tonton, yaani mjomba, na maman mmoja nisiyemjua akanifungia sombe, mboga ya majani ya muhogo, niende nayo nyumbani. Nikaanza kusimulia visiwa kana kwamba niliviona kwa macho yangu, na (hili ndilo linalonitia haya zaidi) nikaanza kutembea kama yule mzee, mikono nyuma, taratibu. Usiku hata ndoto zangu zilibadilika, nikawa naota nyumba inayosogea na ndani yake kuna mtu ananiita kwa jina.

Wiki ya tatu Papa Anaclet akanipigia simu, sauti imejaa furaha. "Nimekutafutia famille. Maman Godelive, mutoto ya Kisula, anaikalaka Liège. Anakuya siku ya mechi kukupaka pemba."

Nilijua mzee alikuwa na binti. Picha yake ilikuwa ukutani, msichana aliyevaa sare ya shule, na mzee alisema tu, "Ule ni wa kwa masista." Lakini nani hudhani kwamba mtu wa kwenye picha atapanda treni kutoka Liège? Nilifikiria kuugua. Nilifikiria Marseille. Mwisho nikajidanganya kwamba nitamvuta pembeni mama huyo mapema, nimweleze kwa upole, tucheke yaishe.

Nilichelewa, kwa sababu kwenye tramu nilikuwa narudia maneno ya kumwambia mpaka nikapita kituo changu. Nilipofika uwanjani, ukungu wa asubuhi ulikuwa haujaondoka vizuri, kuba la kijani la basilika likionekana kama linaelea peke yake juu ya miti, bila kanisa chini yake, na timu yangu ilikuwa imeshapanga mstari mbele ya kipaza sauti. Nikasukumwa kwenye nafasi yangu. Mbele yangu alisimama mama wa miaka sabini na kitu, mfupi, amevaa kitenge cha sikukuu, na alikuwa na macho ya Papa Kisula.

Hakuwa na poda. Alifungua leso, na ndani yake mlikuwa na kipande cha pemba yenyewe, kidogo kama kidole gumba.

"Hii ilitoka Mulenda," alisema kwenye kipaza sauti. "Papa njo alinipatia, siku nilipanda ndege. Aliniambia, ni ya damu yako tu. Miye sikuzala. Nikaiweka." Akanitazama. "Na papa alizala mutoto moya, njo miye. Sasa huyu mujukuu anatoka wapi?"

Halafu sauti ya mwanamume kutoka upande wa wapinzani ikasema, "Kumbe muzee alikuwa na deuxième bureau," na uwanja mzima ukacheka, kwa maana kila Mkongo anajua kwamba ofisi ya pili haina meza wala karatasi, ina mwanamke.

Maman Godelive hakucheka. Alisubiri wamalize. "Kama papa alikuwa na bibi ingine, bon, leo minamusamehe," alisema. "Nimekuwa peke yangu muda murefu. Sasa niko na mutoto ya ndugu yangu." Akasaga pemba yote kiganjani mwake, akatemea mate kidogo, akanipaka mkono wa kulia na wa kushoto, kutoka bega mpaka vidole. Nilifungua mdomo. Refa akapuliza filimbi. Nikafunga mdomo, nikaenda golini.

Dakika ishirini nilidaka kama sijawahi kudaka maishani mwangu, na ndiyo ikawa balaa, kwa sababu kila nilipodaka wapinzani waliimba, "Deuxième bureau, deuxième bureau," na watu wetu wakajibu, "Kisula, Kisula," mpaka majina hayo mawili yakawa wimbo mmoja wa kupokezana. Nikamtafuta Maman Godelive. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, sufuria yake ya bukari, ule ugali wa kwetu, miguuni, ameziba mdomo kwa ncha ya kitenge, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayejifunza upya kumjua baba yake. Kila kumbukumbu aliyokuwa nayo, nilikuwa namwona anaigeuza na kuichungulia chini kama kuna mwanamke.

Sikumbuki kuamua. Nakumbuka nyasi zilikuwa zimelowa, na kwamba kutoka golini hadi kwenye kipaza sauti kulikuwa mbali kama Kamina na Lubumbashi. Nilikuwa natembea, mikono nyuma (hata hapo), na beki wetu akaniuliza, "Tonton, unaenda wapi?" Nyuma yangu nikasikia mpira unaingia golini taratibu, bila haraka, na watu wakipiga kelele kwa lugha nne.

Nikachukua kipaza sauti. "Papa Ngoie Kisula hakuwa na deuxième bureau," nikasema, na sauti yangu ikaenda mpaka basilika ikarudi. "Hakuwa babu yangu. Alikuwa jirani yetu. Babu yangu simjui. Mwongo ni mimi."

Hakuna aliyecheka, na ningelipa ili wacheke. Papa Anaclet alifungua daftari akafuta jina langu kwa mistari miwili, akitumia rula. "Sisi ulitupatia aibu," aliniambia. "Lakini ule mama, umemufanya nini?" Timu ikanyang'anywa mechi. Nikavua jezi pale pale, nikabaki na fulana yenye tundu, mikono myeupe kama ya mwoka mikate, nikaenda kupiga magoti mbele ya kile kiti cha kukunja.

Maman Godelive hakunitukana. Aliitandaza ile leso mapajani, akashika mkono wangu wa kulia, na kwa kucha akaanza kukwangua pemba yake, chembe kwa chembe, akiirudisha kwenye leso. Ilikuwa imechanganyika na jasho langu. Aliendelea tu, kutoka bega kushuka chini, na mimi nilishikilia mkono wangu kama kitu cha mtu mwingine.

"Papa ulimujulia wapi?" akauliza bila kuinua macho.

Nikamwambia bomba, ndoo, kigoda. Nikamwambia mpini wa shoka ulivyonukia, na visiwa, na nyumba inayoamka imetazama upande mwingine.

Kucha zikasimama. "Aliniachaka kwa masista niko na miaka sita," alisema. "Vacances, nikirudia nyumba, alikuwa ananiuliza tu calcul, mahesabu. Hizo visiwa hakuniambiaka." Akaendelea kukwangua, polepole zaidi. "Na asubuhi, sufuria inaikala palepale?"

"Jikoni palepale, Maman."

"Endelea."

Nikaendelea. Mechi nyingine ilianza, ikaisha, ukungu ukaondoka. Alipofika kwenye vidole vya mkono wa kulia akafunga leso kwa mafundo mawili. Nikampa mkono wa kushoto. Aliutazama muda mrefu.

"Ndoo uliibebaka na mukono gani?"

"Huu, wa kushoto."

Akausukuma ukarudi kwangu na pemba yake yote. "Usiseme tena weye ni mujukuu," alisema. "Kula, bukari inapoa."

Nilipanda tramu kurudi Schaerbeek na mkono mmoja mweupe, na sikuuosha mpaka ulipojiosha wenyewe.

Basi nimeapa, na nyie ni mashahidi, sitaazima tena maiti ya mtu yeyote, hata nikiambiwa ndiyo nauli ya kwenda peponi. Akiniuliza mtu mimi ni mjukuu wa nani, nasema sijui, halafu nanyamaza, na nimegundua kwamba baada ya ukimya huo watu hawaondoki wote. Kudaka ndiyo basi. Papa Anaclet amenipa kazi ya kuchora mistari ya uwanja kwa chokaa, asubuhi kabla timu hazijafika. Nachora peke yangu, kuba likielea, na nikifika golini nauhamishia mkokoteni wa chokaa mkono wa kushoto, ule wa ndoo.