Tuliapa Kuzima Mashine

Asubuhi hiyo theluji ilikuwa imelala juu ya kila paa kijijini kwetu, isipokuwa juu ya mnara wa jirani yangu Tariel.

Nilisimama uani na koleo mkononi nikaukodolea macho. Kwetu kila nyumba ina mnara wake wa mawe wa kale, na mingine yote ilikuwa myeupe kileleni. Wa kwake ulikuwa mweusi, umelowa, na unafuka mvuke.

Nikajisemea, huyu jamaa atatuulia mzee.

Sikuwa natia chumvi. Ndani ya nyumba yetu baba yangu, mzee Givergil, alikuwa kitandani na mipira puani. Mapafu yake yalikuwa yamekwisha. Kilichokuwa kinamweka hai ni mashine ya oksijeni, na mashine ile ilitaka umeme saa zote. Umeme ukikatika, baba hana pumzi.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo mnielewe.

Huku Svaneti, juu kwenye milima ya Georgia, umeme wa nyumbani hatulipii. Sasa watu waliposikia kuna hela inayotengenezwa kwa umeme, nani angebaki nyuma?

Hela yenyewe ni hizi sarafu za mtandaoni. Hazina benki. Kuna daftari moja la nani kampa nani, na nakala zake ziko kwenye kompyuta nyingi dunia nzima, kwa hiyo hakuna mjanja wa kufuta mstari peke yake. Kila baada ya muda ukurasa mpya unafungwa na kushonwa kwenye ule uliotangulia.

Nani anaufunga? Hapo ndipo mashine zinaposhindana. Zinabahatisha namba, mamilioni kwa mamilioni, bila kupumzika. Iliyopatia, mwenyewe analipwa sarafu. Zilizokosa zimekula umeme bure, na zote zinatoa joto kama jiko. Na wachimbaji, ndivyo wanavyoitwa wenye mashine hizi, wakiongezeka, namba inafanywa ngumu zaidi, basi na wewe unaongeza mashine nyingine.

Nyaya zetu ziliwekwa kwa ajili ya taa na televisheni. Transfoma ikaelemewa. Umeme ukawa unakatika katikati ya baridi, barabara imezibwa na theluji. Mitungi ya akiba ya baba tukaimaliza mmoja baada ya mwingine, tukabaki na uliofika mwisho. Jenereta tulikuwa nalo, petroli ndiyo hatukuwa nayo.

Wazee wakaamua watu waape.

Kwetu mtu anaweza kumdanganya polisi, akamdanganya na hakimu, akalala usingizi mzuri. Mbele ya picha takatifu ya Mtakatifu George hadanganyi. Kila nyumba ikamtoa mwanamume wake mkubwa, akashika mshumaa, akasema: nyumba itakayowasha mashine, na izimike.

Baba hakuweza kwenda kanisani, kwa hiyo picha ililetwa kitandani kwake. Alitoa mipira puani, akaweka mkono, akaapa kwa niaba yetu sote. Mama alikuwa amesimama mlangoni anafuta mikono kwenye aproni.

Umeme ukatulia. Nikaanza kulala kama binadamu.

Halafu taa zikaanza tena kupepesa. Maana yake kuna mtu alikuwa amevunja kiapo, na asubuhi ile ya theluji nikaona ni nani.

Tariel ni mtu wangu. Mwanawe wa kwanza nilimsimamia ubatizo mimi. Nilimkuta anapasua kuni.

"Uliapa, Tariel."

"Niliapa, na sijagusa kitu."

"Mnara wako unafuka mvuke, ndugu yangu. Mnapika nini humo?"

Aliweka shoka chini. Nilitegemea afoke, lakini hakufoka, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

"Mimi sijagusa," akarudia. "Lamara ndiye anayewasha."

Lamara ni mkewe. Nikamwambia aache utoto, nyumba ni moja.

"Walioitwa kuapa ni wanaume, Jokia. Wanawake nani aliwauliza?" Aliniangalia kwa huruma. "Unadhani ni Lamara peke yake? Nenda kwako ukamuulize mama."

Kidogo nimzabe kofi. Mama yangu, Eteri, mwanamke ambaye simu tu ilikuwa inamsumbua?

Mnara wetu ulikuwa na theluji yake kileleni, safi kabisa. Niliingia chini, kwenye ng'ombe. Nikasogeza nyasi kavu zilizopangwa hadi darini, kumbe ndizo zilizozuia joto lisipande, na upepo wa moto ukanipiga usoni.

Mashine zilikuwa zimepangwa ukutani, feni zinavuma, zimezungushiwa mablanketi kupunguza kelele. Mama alikaa kwenye kigoda cha kukamulia, simu mkononi.

"Funga mlango," akasema. "Ng'ombe watapata baridi."

"Mama, hiki ni nini?"

"Ni Istanbul."

Alikuwa amesikia habari za daktari wa mapafu huko. Lamara alimfundisha kila kitu, na tangu hapo alikuwa anakusanya nauli na matibabu, sarafu kidogo kidogo. Zilikaribia kutosha, bei ikaanguka. Wenzake wakamwambia asiuze, itapanda. Akaendelea kuchimba akisubiri ipande.

"Zima, mama. Umeme ukikatika, hiyo Istanbul baba hataiona."

"Nikizima mimi, Lamara atazima? Nazibrola wa nyumba ya pili atazima?" Akainua simu. "Utakatika vilevile, mwanangu, na mimi nitakuwa sina kitu mkononi."

 

Tukiwa tunatazamana, feni zikaanza kupunguza mwendo. Moja, halafu zote. Pakawa kimya hadi nikawa nawasikia ng'ombe wanavyocheua.

Tulikimbia.

Baba alikuwa ameketi, ameshika ukingo wa kitanda, midomo imegeuka rangi. Nikafungua ule mtungi uliobaki, ukatoa sauti ndogo ukaisha. Nikapiga kelele dirishani. Tariel akaja mbio na galoni la petroli, nikamsikia uani anavuta kamba ya jenereta, linakohoa, linakataa.

Mama alipiga magoti. Baba akanyoosha mkono, akamtoa unyasi uliokuwa umenasa kwenye nywele.

"Eteri," akasema kwa shida. "Sasa zima."

Jamani.

Kitanda cha baba kiliegemea ukuta wa mnara. Alikuwa akizisikia zile feni siku zote. Siku alipoweka mkono juu ya picha alijua anaapa uongo, akaubeba yeye ili mkewe asiubebe.

Jenereta liliwaka wakati namfumba macho.

Msibani watu walinong'ona kwamba Mtakatifu George amempiga. Sikubishana nao. Wanawake walileta mikate na maharage, wakapanga meza, na hakuna aliyethubutu kumtazama mama usoni.  

Ila nawaambia kitu kimoja. Tangu jeneza la baba lilipotoka mlangoni, umeme kijijini kwetu haujakatika. Haujapepesa hata mara moja. Nyumba zote zilizima siku ile ile, bila kuambiana.

Bei ilikuja kupanda. Sarafu za mama bado zipo, zinamtosha kwenda Istanbul na kurudi, na hataki hata kuzisikia.

Wengi mnaniuliza inboksi kama hizi sarafu ni utapeli. Wapo matapeli wengi humo, mjihadhari nao, lakini sisi hatukutapeliwa na mtu. Mashine zilifanya kazi yake sawasawa. Ninachokijua ni kwamba ukiona hela inakuja bure, kuna mtu anailipia. Kabla hujawasha mashine yako, mtafute huyo mtu ni nani. Wa kwetu alikuwa amelala chumba cha pili.