Orijino na Filta ya Binti Yake

Jina alilopewa na wazazi wake walilikumbuka mkewe na watu wachache wa ukoo. Wengine wote, kuanzia muuza magazeti mpaka askari wa makutano, walimwita Orijino. Alikuwa dereva wa teksi, na jina hilo alilipata kihalali kabisa. Hakufunga kwenye gari lake spea ambayo haikutoka kiwanda kilichounda gari lenyewe, na ukitaka kumtibua, ungemwambia kwamba spea za kampuni nyingine ni zilezile tu. Angekuacha umalize chai yako, kisha angekupa somo mpaka ya pili ipoe.

Sababu yake ilikaa sebuleni, kwenye kizingiti cha dirisha, pale ambapo watu wengine huweka picha ya harusi. Ilikuwa filta ya oili, kuukuu, imepasuliwa tumbo. Zamani, akiwa bado mgeni wa kazi, alifunga filta ya bei ya kutupa. Karatasi ya ndani ikabanduka, ikaziba njia ya oili, na injini ikakwama katikati ya barabara huku abiria wakiwa ndani. Alikaa nyumbani bila kazi mpaka viti vikamchoka. Tangu hapo, kila alipomwaga oili, aliipasua filta iliyotoka kwa msumeno wa chuma, akaikunjua karatasi yake na kuikagua kwenye mwanga, asije akafanyiwa tena mchezo uleule. Mkewe aliipangusa vumbi ile ya dirishani kila Jumamosi, akinung'unika kwamba ameolewa na mwanamume anayefuga maiti ya chuma sebuleni.

Katika ukaguzi huo, mshika tochi alikuwa binti yao. Baba alimfundisha kunusa oili iliyoungua na kupapasa unga wa chuma kwa ncha za vidole, lakini zaidi ya yote alimfundisha kusikiliza. "Injini isikilize asubuhi, mama," alikuwa akimwambia. "Mchana imeshajipodoa." Gari lao kila asubuhi liligonga ka-ka-ka kabla ya kutulia, kwa kuwa usiku oili ilikuwa imeshuka yote chini. Orijino alisema hicho ni kikohozi cha uzee, akalisamehe.

Binti akakua, akafungua duka la spea karibu na kituo cha teksi, chumba kimoja chenye mlango wa bati alioupaka rangi mwenyewe. Filta za kiwandani hazikuwa zikipatikana kirahisi, hivyo akaweka za kampuni nyingine, za rangi ya machungwa, alizozichagua baada ya kupasua za kila aina kama alivyolelewa. Madereva waliingia, wakazigeuzageuza mkononi, wakauliza swali moja tu: "Baba yako anafunga hizi?" Akisema bado, walizirudisha rafuni polepole, kwa adabu, wakaaga. Duka likaanza kudoda.

Jioni moja aliiweka filta moja mezani, mbele ya sahani ya baba yake.

"Baba, sikuombi unisifie kwa watu. Ifunge, uisikilize. Mpira wake wa ndani ni laini, unaizuia oili isishuke usiku, na kile kikohozi cha asubuhi kitakwisha. Ikikushinda, basi, nitafunga duka nikatafute kazi kwa watu."

Orijino akaitazama filta, akatazama dirishani, akaitazama tena. "Nitaifunga, mama."

Na alikusudia kweli. Siku ya kumwaga oili alijilaza chini ya gari, filta ya machungwa mkono huu, ya kiwandani mkono huu. Alimpenda binti yake kuliko kitu chochote chenye injini na kisicho na injini. Lakini alipoisogeza ile ya machungwa mahali pake, akaiona barabara ile ya zamani, abiria wakishuka mmoja mmoja wakimsonya, na mkono ukagoma. Akafunga ya kiwandani. Ya binti akaificha pamoja na tairi la akiba. Alipoingia ndani kunawa, binti akamuuliza kwa macho, naye akajibu, "Tayari." Ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa mtoto huyo, ukiacha ule wa kwamba sindano haiumi.

Asubuhi yake akawasha gari. Ka-ka-ka. Likakohoa vizuri tu, likatulia. Dirisha la chumba cha binti, ghorofani, lilitazama uani, na Orijino akaona pazia likisogea, kisha likirudi mahali pake. Akabaki ameshika usukani, masikio yakimwaka kwa aibu. Alikuwa amesahau ni nani aliyemfundisha binti huyo kusikiliza.

Siku nzima hakuwa na raha. Alimpitiliza abiria mmoja mpaka akaguswa bega. Jioni, mezani, binti alimpitishia baba chumvi kabla hajaiomba, na upole huo ndio uliomchoma zaidi.

"Baba," akasema mwishowe, "asubuhi gari limekohoa."

"Limekohoa."

"Ungeniambia tu kwamba umeogopa. Hukuwa na haja ya kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Hata mimi nimelisikia," akadakia mama, "na mimi sina hata hayo mafunzo yenu."

Orijino hakujitetea. "Niliogopa, mwanangu. Wewe nakuamini. Ninayoiogopa ni ile pale dirishani."

Akatoka, akarudi na filta ya machungwa, mpya ya kiwandani na msumeno. Mkewe akawahi kuondoa kitambaa cha meza na kutandaza magazeti. Baba akakata, binti akashikilia, na chembe za chuma zikamwagika mpaka kwenye sahani. Walianza na karatasi. Ya kiwandani ilikuwa na mikunjo mingi zaidi, iliyobanana vizuri, na Orijino akaguna kwa kuridhika.

"Hapo umenishinda," binti akakubali. "Ndiyo maana wateja nawaambia, ukifunga hii usichelewe kumwaga oili."

Wakaja kwenye gundi. Orijino aliivuta karatasi ya machungwa kwa vidole, kisha kwa koleo, kisha kwa hasira. Haikubanduka. Mwisho ukabaki mpira. Wa kiwandani ulikuwa mkavu, ukiubonyeza unajivuta kurudi kivivu; ule mwingine ulikuwa laini kama ndewe ya sikio. Akaubonyeza, akauachia, akaubonyeza tena. Miaka yote alikuwa akipasua filta na kukagua karatasi peke yake, kwa kuwa karatasi ndiyo iliyomtenda.

"Huu nimekuwa nikiutupa," akasema taratibu. "Kila siku nautupa."

"Najua. Mimi ndiye niliyekuwa nikiuokota nichezee."

Orijino akaanza kucheka, kwanza kwa mabega, kisha kwa sauti, mpaka mkewe akacheka bila kujua anacheka nini. Kesho yake kabla ya jua kuzama alifunga filta nyingine ya machungwa kutoka dukani, na safari hii mshika tochi alikuwepo.

Jioni hiyohiyo habari ilimtangulia kituoni. Kulikuwa na dereva waliyemwita Kona, kwa sababu kila mazungumzo aliyakunja yakageuka ubishi. Yeye ndiye aliyemfuata.

"Nasikia umefunga ya dukani kwa bintiyo. Wewe, Orijino. Hebu apa."

"Siapi. Usiku huu gari litalala nayo kwa mara ya kwanza. Kesho njoo uani kwangu kabla sijaliwasha. Njoo na masikio yako."

Kona alikuja, na hakuja peke yake. Nusu ya kituo ilikuwa imeegemea ukuta, mmoja akiwa bado na mswaki mdomoni, wengine wakiwa majirani wanaokijua vizuri kikohozi cha gari hilo, maana huwaamsha. Orijino akaingia, akafunga mlango. Hakuugusa ufunguo upesi, kwa sababu hata yeye alikuwa hajalisikia likiamka na filta hiyo. Likikohoa leo, duka la mwanawe limekufa, na yeye ndiye atakayekuwa amewaita watu mazishini. Akatazama juu. Pazia lilikuwa limefunguliwa wazi kabisa, na binti alikuwa amesimama dirishani, mikono imefunika mdomo.

Akazungusha ufunguo.

Uani pakawa kimya. Madereva wakatazamana, wakiingojea ile ka-ka-ka. Aliyekuwa na mswaki akautoa mdomoni.

"Basi liwashe," Kona akasema kwa kukosa subira. "Watu tuna kazi."

Orijino akatoa kichwa nje ya dirisha.

"Limewaka kitambo."

Kona akasogea, akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo akiusikia mtetemo. Kisha akageuka, akainua uso kuelekea dirisha la juu.

"Binti," akaita, "duka unafungua saa ngapi?"