Saa ya Kuvu na Taa Nyekundu

Hadi leo nikiona balbu nyekundu, hata ile ya nyuma ya gari, natamani kumtusi mtu.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa baiolojia katika shule ya wasichana nje kidogo ya mji wa Kakamega. Mhadhiri aliyenifundisha chuo kikuu alikuwa ameniahidi nafasi ya kusomea shahada ya pili kwa sharti moja: nimpelekee jaribio langu mwenyewe, limekamilika. Alinipa mbegu za kuvu ya rangi ya machungwa, mirija mirefu ya kioo, na chupa ndogo ya kemikali. Sikuwa nimeahidiwa kitu kikubwa hivyo maishani. Baba yangu alikuwa mkulima wa mahindi kule Lumakanda, na kwake ualimu ulikuwa tayari mwisho wa masomo. Mimi nilitaka zaidi, na nilitaka sana.

Kuvu ile ina saa. Ukiipanda gizani upande mmoja wa mrija, hutambaa juu ya chakula chake kwenda upande wa pili, na kila siku yake ikitimia huacha mstari wa mbegu za rangi hiyo ya machungwa. Hakuna jua la kuiambia. Ndani ya seli hutengenezwa protini inayoizima jeni iliyoizaa yenyewe. Kisha vimeng'enya huanza kuibandika protini hiyo alama za fosfeti, moja, halafu nyingine, halafu nyingine, polepole, hadi alama zikizidi seli huikatakata na kuitupa. Ikishaisha, jeni huamka na siku mpya huanza. Kemikali yangu ilikuwa ya kuwachelewesha wale wabandikaji. Kama wazo letu lilikuwa sawa, protini ingeishi zaidi, siku ya kuvu ingerefuka, na mistari ingeachana zaidi kuliko ile ya mirija isiyo na kemikali.

Nyumba yangu ya shule ilishikana ukuta na ya mwalimu wa hesabu, rafiki yangu mkubwa. Ndiye aliyeniazima sufuria yake ya presha nipikie chakula cha kuvu. Alielewa haraka kuliko wanafunzi wenzangu wa chuo.

"Kwa hivyo nikipima kati ya mstari na mstari, nimepata siku?" aliniuliza. "Dadangu, hii ni hesabu ya watoto."

Nilimpenda kwa neno hilo.

Tatizo likawa taa. Kuvu hii huona mwanga wa buluu, na ukiigusa nao saa yake huvurugika na kuanza upya. Nyekundu haiioni kabisa. Basi niliziba dirisha la stoo yangu kwa magunia na karatasi nyeusi, nikatundika balbu nyekundu, na kila jioni niliingia kutia alama ya wino mahali kuvu ilipofika. Wasichana walioniletea madaftari wakaanza kunikuta nikitoka mle, uso umepakwa wekundu. Siku zile nchi nzima ilikuwa imeshikwa na wazimu wa kutafuta waabudu shetani. Mwanamke asiye na mume, chumba cha giza, taa nyekundu, na kitu cha rangi ya moto kinachotambaa kwenye kioo! Hata mimi ningejishuku.

Jumapili moja, baada ya ibada, mwalimu mkuu alikuja kwangu na kundi la wazazi.

"Madam, hiyo taa nyekundu inafanyanga nini kwa nyumba?" mama mmoja aliniuliza, kwa adabu kabisa.

"Ni ya kuangalia kuvu, mama. Ni kama ile inameanga kwa visiki vya miwa wakishachoma shamba, huko Malava."

"Ya Malava haiwekewangi taa."

Walikuwa wameshakata shauri. Waliitoa mirija yote wakaipanga juani, kwenye nyasi za mbele ya nyumba, na hapo ndipo nilipoiona kwa mara ya kwanza katika mwanga wa kweli. Mistari ya mirija yenye kemikali ilikuwa imeachana zaidi. Kipofu angeipapasa akajua. Nilipiga kelele kwa furaha, na wazazi wakarudi nyuma.

Nikamwambia mwalimu mkuu kwamba jua halingefuta mistari iliyokwisha kuandikwa, kwamba nilihitaji rula tu, na kwamba ile ilikuwa nafasi yangu ya chuo pale chini. Hakuwa mtu mbaya. Alimgeukia rafiki yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni kwake na leso kichwani.

"Wewe ni mtu wa hesabu. Unaona tofauti yoyote hapa? Ukisema ni masomo, tutaacha."

Alisogea. Alichuchumaa. Nilimwona akipitisha kidole hewani juu ya mrija mmoja, kisha juu ya mwingine, midomo ikicheza. Wazazi walimtazama yeye sasa, wala si mimi.

"Sioni kitu, madam," alimjibu mwalimu mkuu.

Waliomba, wakaimba, wakaivunja mirija kwa jembe na kuichoma pamoja na magunia yangu. Kabla ya muhula kwisha nilihamishiwa Mautuma. Nafasi ya chuo alipewa mtu mwingine, na sijawahi kumlaumu mhadhiri. Ningempelekea nini, majivu?

Siku ya kufunga mizigo rafiki yangu alikuja mchana na obusuma, ugali wa kwetu, na ingokho, kuku mzima aliyemchinja kwa ajili yangu. Aliketi juu ya sanduku langu. Alinitazama nikila, kwa maana njaa haina aibu, na mwishowe akasema kwa sauti ya chini:

"Ile mistari ilikuwa imeachana karibu nusu zaidi ya mingine, dadangu. Ulikuwa umepata."

Kisha akaniuliza kama kuku amekolea chumvi.