Mshono wa Bawa la Chini

Mwanasiti wa mtaa wa Buyenzi, fundi wa maturubai ya malori, hakuwa mtu wa kuomba radhi. Aombe kwa lipi? Mkono wake ulijulikana mji mzima. Ndiyo maana klabu mpya ya ndege ilipotafuta wa kuvisha kitambaa kindege chao, kile chenye bawa juu na bawa chini, ilimjia yeye. Bawa la juu akashona mwenyewe, la chini akampa mkamwana wake, Assia.

Kindege kikaruka, watu wakapiga vigelegele. Hakikumaliza hata mwezi, kikaanguka kwenye mpunga nje ya mji. Rubani, Valéry, alitoka na mguu uliovunjika, akasema kitambaa cha bawa la chini kilichanika angani.

Mwanasiti hakujishuku hata kidogo. Alimshuku Assia. Si alikuwa akishona huku anacheka na simu? Hata salamu yake ya asubuhi sasa aliiona ya mtu mwenye lake jambo. Mdomo nao haukutulia. Kule bombani wanakochota maji, mbele ya wanawake wote, alisema: "Mi sitaji mutu. Lakini kazi ya haraka munaijua."

Nani alihitaji kutajiwa? Wateja wakaanza kugeuza nguo na kuuliza, "Hii alishona nani?" Assia akaacha cherehani, akajifungia na kazi za jikoni.

Klabu ikalipeleka bawa kwenye gereji ya fundi Shakuru, hapo hapo Buyenzi, na Mwanasiti akaitwa. Akapiga magoti, akautafuta ubovu wa Assia. Mshono ulikuwa mzima wote. Kilichopasuka ni kitambaa chenyewe, kando ya mshono, mahali palipong'aa na kukakamaa.

"Hapa paliingia moto," Shakuru alisema. "Mulipiga pasi?"

Mwanasiti alikuwa amepiga, tena kwa pasi ya makaa. Kwake kazi haitoki na mikunjo, iwe kanzu, iwe turubai. Klabu ilimwambia kitambaa kile hakitaki moto, akaona ni maneno ya watu wasiojua usafi wa kazi. Na bawa la chini ndilo alilolikandamiza zaidi, kwa kuwa hakuuamini mkono wa Assia.

"Nilipiga mi," alijibu.

Alirudi kwa miguu, aibu imemjaa. Akamkuta Assia anachambua mboga ya lengalenga, akaketi naye chini kwenye mkeka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mwanangu, mushono wako ulikuwa muzuri. Ni mi niliunguza kitambaa na pasi yangu. Unisamehe."

Assia aliendelea kuchambua. "Nimekusamehe, mama. Lakini hapa tuko sisi wawili tu. Siku ile bombani mulikuwa wangapi?"

Mwanasiti aliitazama mikono ya mkamwana wake. Kisha akainuka, akajitanda mtandio, akatoka kwenda bombani, saa ambayo wanawake wote wako huko.