Mama Mkwe Ndani ya Treni ya Singida

Treni ya Manyoni kwenda Singida, ile ya wakati wa Mwingereza, ilikuwa na mwendo wa kuchekesha. Msiifananishe na hii ya sasa. Reli ile waliitandika wenyewe na baadaye wakaing'oa wenyewe, wakaipeleka huko kusini, wala hawakumuuliza mtu. Kwenye miinuko mtu alishuka, akaenda kichakani kujisaidia, akafunga suruali yake taratibu, akarudi akaikuta bado inahema palepale. Nimeona kwa macho yangu mwanamke anashuka kumfukuza kuku wake aliyeruka dirishani, akamkamata, akapanda tena, akakaa. Tulicheka sana siku hiyo. Basi treni hiyo hiyo, ambayo mama mwenye kuku aliiwahi bila kutokwa jasho, mimi iliniacha, nami nikapoteza mke kwa ajili hiyo. Mpaka leo watu wakisimulia vichekesho vyake mimi nanyamaza.

Nilikuwa kwenye genge la reli pale Kintinku, kazi ya kushindilia kokoto chini ya mataruma yanayobeba reli. Mke wangu alikuwa ameniacha, amerudi kwao Mwankoko, karibu na Singida mjini. Nisidanganye, nilimpiga. Mara moja tu. Lakini sisi tunaosema mara moja tu hatujui ile moja ilivyokuwa nzito kwa aliyeipokea. Yeye alizoea upepo wa Singida, na Kintinku ni joto na mbu, na maji yake yana chumvi. Akasema anataka kwenda kulima uwele na mama yake, msimu ukiisha atarudi. Nikasema hapana. Akasema mimi nimeoa reli. Ndipo nikampiga, na kesho yake nilipotoka kazini nikakuta jiko limepoa.

Wazee wa kwao wakaniita. Nyapara akaninyima ruhusa. Wakaniita tena, akaninyima tena. Nyapara yule alikuwa na filimbi shingoni ambayo hakuivua hata akila, na mara nyingine ilitumbukia kwenye mchuzi, akaipuliza ukatoka mchuzi. Huyo ndiye aliyeshika ndoa yangu mkononi. Mara ya tatu ujumbe ulikuja kwa mdomo wa mtu mzima, jirani yao. Alisema, "Wazee wanakaa siku ya tano kutoka leo, asubuhi. Ukionekana, omba msamaha, mkeo utapewa, maana mwenyewe hajakataa. Usipoonekana, ng'ombe zinarudi kwenu na mambo yamekwisha." Sijui nilimlilia vipi nyapara, ila safari hii aliniachia.

Nikapanda treni kubwa, tukapita Saranda, tukapanda mlima, Kilimatinde ikabaki upande wa kushoto kule juu. Manyoni nikalala, na asubuhi nikaingia kwenye treni ya Singida. Siku hiyo ilikuwa na behewa moja tu la daraja la tatu, mengine yote ya mizigo. Behewa lenyewe lilikuwa na milango miwili, mmoja umezibwa na magunia ya karanga mpaka juu. Tuliketi kwenye mabenchi ya mbao, tunatazamana, magoti kwa magoti. Nilikuwa na furaha kwa kweli. Wazee wangekaa kesho asubuhi, na mimi jioni ile ningekuwa Singida.

Kituo cha kwanza akapanda mama mmoja na mzigo wa mtama kichwani. Watu wakasogea, wakamwonyesha nafasi mbele yangu. Akageuka akae. Alikuwa mama mkwe wangu. Alikuwa ametoka kumwangalia dada yake mgonjwa, hilo nililijua baadaye.

Sasa vijana wa leo wanakula sahani moja na mama mkwe, wanapiga naye picha. Kwetu zamani humtazami usoni. Ukimwona njiani unaacha njia, unaingia porini mpaka apite, naye anageuza uso vilevile. Hamketi pamoja. Jina lake hulitamki. Na mimi nimekaa pale, magoti yangu yakingoja magoti yake.

Niliruka kama niliyekalia siafu. Nikajifunika blanketi kichwani, nikasukuma watu mpaka mlangoni. Alikuwapo mchuuzi mmoja wa chumvi, mtu wa Singida mjini, mwenye mdomo mwingi.

"Wewe kaka, unaona baridi saa tatu ya jua?"

"Niache."

"Au umeiba? Jamani, angalieni mizigo yenu, kuna bibi harusi hapa kajifunika!"

Behewa zima likacheka. Mama mkwe hakucheka. Alikaa amegeukia dirisha, ameshika kitenge chake hadi kwenye shavu. Nikajua ameniona. Nikasimama kwenye ngazi nje, nimeshikilia chuma, mpaka gadi akanikuta. Gadi ndiye bwana wa treni, na bendera yake ya kijani kwapani.

"Ingia ndani! Ukianguka nitaandika barua mimi?"

"Bwana, ndani kuna mkwe wangu."

"Hata angekuwa Gavana. Ingia!"

Akanisukuma ndani. Nikasimama nimeupa mgongo ule upande, uso wangu kwenye magunia ya karanga, mpaka kituo cha maji.

Hapo kichwa cha treni kilikuwa kinakunywa maji, muda wa kutosha. Nikashuka. Shauri langu lilikuwa niombe kukaa kwenye behewa la mizigo, lile la mwisho, nimalize safari na ngozi za ng'ombe. Nikamwendea gadi, nikampigia magoti kabisa. Akasema mizigo haipandi na watu, na watu hawapandi na mizigo, na kwamba yeye hakuoa kwetu. Tukabishana. Filimbi ikalia, bendera ikapepea, treni ikaanza kusogea.

Sikuwa na wasiwasi. Treni ile! Nikatembea tu, wala sikukimbia, nikaufikia mlango. Na mlangoni, chini kabisa, kwenye mzigo wake wa mtama, alikuwa amekaa mama mkwe. Alikuwa ameniachia benchi. Aliponiona nimeshuka alidhani nimeenda kujisaidia, akaona afadhali akae yeye mlangoni, mimi nikirudi nipate nafasi ndani, mbali naye. Ndivyo alivyofikiri. Na miguu yake ilikuwa imeziba mlango wote. Kuingia ilibidi niiruke miguu ya mama mkwe wangu, nipitishe suruali yangu juu ya kichwa chake.

Nikatembea kando ya treni. Yeye akajifunika uso, akajaribu kurudi nyuma, lakini nyuma yake watu walikuwa wamejazana kuangalia. Madirisha yote yakajaa vichwa.

"Panda wewe!"

"Ana nini huyu? Mlango si huo!"

"Bibi harusi, umesahau njia?" Huyo mchuuzi.

Nilikuwa karibu nayo kiasi cha kuigusa. Nilitembea hivyo, labda urefu wa mashamba mawili au matatu, najiambia sasa, sasa narukia. Mguu ukakataa. Halafu reli ikateremka, treni ikashika kasi, nikaanza kukimbia, na kukimbia ikawa kazi bure. Watu walinipungia mikono. Walidhani ni mchezo.

Treni nyingine ilikuwa ya wiki ijayo. Nikafuata reli kwa miguu. Nilitembea mchana ule na usiku na asubuhi iliyofuata, viatu nimevitundika shingoni, na nilipofika Mwankoko jua lilikuwa limeegemea magharibi. Uwanjani kwa baba mkwe nikaona vigoda bado vimepangwa duara, havina watu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kufanya nini?"

"Kuitikia wito, baba. Treni iliniacha."

"Treni ya jana? Mama mwenye nyumba hii alikuja nayo. Wazee walimuuliza asubuhi, je, ulimwona ndani ya treni? Akasema hakuona mtu. Wakangoja mpaka jua la utosi. Wamekwisha sema, kijana. Ng'ombe zitarudi kwenu. Mwenzio naye aliposikia hukupanda hata treni, akasema basi."

Nilitaka kusema. Lakini niseme nini? Kwamba nusura nikae na mkewe magoti kwa magoti mbele ya watu? Nikasema, "Sawa, baba." Akaingia zizini kutazama ng'ombe wake.

Ndipo mama yule akatoka ndani, na kibuyu cha maji. Akaja mpaka nilipo. Mimi nikageuza uso, nikatafuta pa kuingia.

"Simama," akasema. "Wewe si mkwe wangu tena. Kunywa."

Nikanywa. Alikuwa ananitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu nioe.

"Jana nilikuona," akasema.

"Kwa nini hukuwaambia, mama?"

"Ningewaambia nini? Mbele ya shemeji zangu na wakwe zangu wote wamekaa? Wewe ungesema?"

Nisingesema. Hata kwa mumewe sasa hivi nilikuwa sijasema.

"Uliniheshimu sana," akasema. "Mkwe mwenye adabu kama wewe sitampata tena."

Alisema kwa huruma, naapa. Nami hayo maneno yaliniuma kuliko yote ya mchuuzi. Nikamrudishia kibuyu kwa mikono miwili. Nyuma ya nyumba nilisikia sauti ya aliyekuwa mke wangu anaita ndama. Nikasimama kidogo, nikidhani atapita upande huu. Akaendelea kuita ndama.