Kunguni wa Bweni la Athi

Kila Jumatano na kila Jumamosi, wavulana wakishakunywa uji, Katunge Mbaluka, matroni wa bweni, husimama kwenye mlango wa Bweni la Athi na kusema neno moja tu: "Nje."

Magodoro tisini na sita hutoka yakiwa yamebebwa vichwani, hupita kando ya tanki la maji na kulazwa juu ya mawe nyuma ya bweni. Jua la Kathonzweni halina haja ya kubembelezwa. Kufikia saa tano upande wa juu umekauka na ni wakati wa kuyageuza. Jumamosi wavulana huyageuza wenyewe. Jumatano wako darasani, kwa hiyo Katunge huyageuza peke yake, moja baada ya jingine, mkono mmoja ukivuta godoro na mwingine ukishika kiuno. Ana miaka hamsini na saba. Akifika la sitini hukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akayatazama yaliyobaki jinsi mtu anavyotazama mlima.

Mtu akimuuliza kwa nini, hujibu, "Kunguni," na mazungumzo huishia hapo. Hakuna mwalimu anayetaka kuendelea kuzungumza na mtu aliyetoka kutaja kunguni.

Ukweli ni kwamba kunguni wa mwisho wa Bweni la Athi aliuawa miaka saba iliyopita, kuta zilipopigwa plasta na vitanda vya mbao vikaondolewa kupisha vya chuma. Katunge alimuua yeye mwenyewe, kwa kucha. Tangu siku hiyo amekuwa akipambana na wadudu wasiokuwepo, mara mbili kwa wiki, muhula baada ya muhula.

Lakini desturi hiyo ilianza zamani zaidi, na chanzo chake kilikuwa kijana aliyeitwa Mwangangi. Katunge alikuwa katika mwaka wake wa pili kazini. Kabla ya hapo alikuwa fundi wa kushona sare kule Kibwezi, na kitu alichokijua vizuri ni kitambaa: kikilowa, kipeleke juani. Asubuhi moja aliona godoro la Mwangangi lina maji, akamwambia mbele ya wenzake alitoe nje. Hakuwa na ubaya wowote. Godoro likakaa juu ya mawe peke yake, na doa lake katikati, mpaka saa saba, huku shule nzima ikipita kwenda jikoni na kurudi. Jioni ile Mwangangi alikuwa amekwisha kupewa jina la Tanki. Jumamosi ya tatu akaruka ua. Baada ya wiki mbili mjomba wake alikuja kuchukua sanduku, akatia sahihi kitabuni, hakuuliza chochote.

Jumamosi iliyofuata Katunge aliamuru magodoro yote yatolewe. Yakiwa tisini na sita juani, hakuna anayejua lipi lilitoka likiwa limelowa.

Kila mwaka huwa kuna mmoja. Mwaka mbaya huwa wawili. Mwaka huu, walipoingia wa gredi ya kumi mwezi wa Januari, alikuwa Musyimi.

Mama yake, muuza mboga wa Mukuyuni, alingoja masanduku yakaguliwe, akamtuma kijana akachukue ndoo yake getini, ndipo akasogea.

"Matroni, huyu wangu... akilala hukojoa."

"Mara ngapi kwa wiki?"

Mama alikuwa amejiandaa kwa swali jingine. "Mara tatu. Kukiwa na mtihani, siku zote."

"Anajua kwamba umeniambia?"

"Hapana. Akijua hatabaki hapa hata siku moja. Gredi ya tisa alikuwa akirudi nyumbani jioni. Hakuna mtu anayejua, hata dada zake."

"Basi hujaniambia," Katunge akasema, na kuandika kitanda namba kumi na moja, cha chini, karibu na ukuta.

Kitanda hicho kina faida moja: kinatazamana na mlango wa stoo yake ndogo. Ndani ya stoo Katunge alikuwa na godoro la ziada, kava yake ya bluu kama ya Musyimi. Siku zisizo za kuanika, kengele ya kipindi cha kwanza ikishalia, alikuwa akiingia bwenini, kutia mkono chini ya shuka na, ikibidi, kubadilisha. Musyimi alikuwa akirudi mchana na kukuta godoro kavu. Hakuwahi kuuliza. Katunge naye hakuwahi kusema. Wakikutana njiani kijana alikuwa akitazama viatu vyake.

Mambo yangeendelea hivyo mpaka Aprili kama asingekuja Mwalimu Gicheru, naibu mpya wa mkuu wa shule. Gicheru hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Katunge zaidi. Wakati wa likizo fupi ya katikati ya muhula alileta wapiga dawa. Wavulana waliporudi alimwita ofisini, akamvutia kiti.

"Keti, Matroni. Nimeona unavyopanda ngazi. Unapanda kama mtu aliyebeba gunia la mahindi."

"Ni magoti, Mwalimu. Yatazoea."

"Yatazoea nini katika umri huu? Sikiliza. Nimehesabu magodoro kumi na manne yaliyopasuka tangu Januari. Ni yale mawe. Wazazi wanalalamika. Na Jumamosi watoto wanapoteza saa nzima ya masomo wakibeba magodoro kama watu wanaohama."

"Jua ndilo linaloua kunguni."

"Kunguni gani?" Gicheru akasukuma karatasi mezani. "Cheti ni hiki. Wamepita kitanda kwa kitanda. Hawakupata hata mmoja, mzima wala mfu. Kuanzia leo magodoro yanabaki ndani. Asubuhi nitakuwa nakagua mwenyewe pamoja na viranja. Na lile godoro la ziada lililo stoo kwako lirudi ghala kuu, halimo kwenye orodha ya bweni."

Katunge alikitazama cheti. Kilikuwa na muhuri.

"Na kama bado wamo?"

Gicheru akacheka. "Niletee kunguni mmoja tu, Matroni. Mmoja. Nitakurudishia mawe yako yote."

Alifikiria kumwambia ukweli. Alifika mpaka mlangoni akageuka, mkono kwenye kitasa. Lakini alijua jinsi Gicheru anavyofanya kazi: angeandika barua kwa kitengo cha ushauri nasaha, kijana angeitwa ofisini katikati ya somo, na kijana akiitwa ofisini, wenzake tisini na watano humuuliza alikuwa ameitiwa nini. Kila mtu angekuwa amefanya kazi yake vizuri, na mwisho wake mjomba angekuja kuchukua sanduku.

"Kuna jambo, Matroni?"

"Hapana, Mwalimu. Asante kwa kiti."

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Kufikia Alhamisi bweni lilikuwa limeanza kunuka.

Saa ya mapumziko Katunge alikuwa stooni akihesabu blanketi, mlango ukiwa wazi, akawasikia wavulana wanne karibu na kitanda namba kumi na moja.

"Wasee, hapa kuna paka."

"Paka gani? Ni soksi zako, Mulinge."

"Soksi zangu hunuka miguu. Hii ni mkojo, bro. Paka anaingia hapa kukojoa tukiwa darasani."

"Mimi nimemwona," mwingine akasema haraka, kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika. "Wa kijivu. Mkubwa hivi."

Katunge aliitambua sauti hiyo. Ilikuwa ya Musyimi.

"Sawa," akasema Mulinge, ambaye ndiye kiranja wa bweni na hupenda kutoa amri. "Jumamosi tunapindua kila godoro mpaka tujue huyo paka analala wapi. Tunaanzia pembe hii."

Wengine wakashangilia. Musyimi naye akashangilia. Katunge alirudia kuhesabu blanketi zake tangu mwanzo, akapata idadi tofauti na ya kwanza, akaziacha.

Mchana huo alikwenda getini. Mlinzi, mzee Nyamai, huishi katika kibanda cha mabati ambacho hakijawahi kukaguliwa na mtu yeyote, na kitanda chake ni cha mbao, cha tangu enzi ya mkuu wa shule wa tatu kabla ya huyu.

"Mzee, nina shida."

"Sema, mwaitu." Ndivyo anavyomwita, kama Wakamba wanavyomwita mama yeyote wa kuheshimiwa.

"Kitandani kwako kuna kunguni?"

Nyamai akaweka chini kikombe cha chai. "Nani amesema?"

"Hakuna aliyesema. Nauliza."

"Mimi ni mtu msafi. Mimi huoga. Mimi ni mzee wa kanisa, mwaitu! Unatoka bwenini kwako, jua lote hili, kuja kuniambia nina kunguni?"

"Sijaja kukutukana. Nimekuja kukuomba."

"Kuniomba nini?"

"Watatu."

Mzee alimtazama kwa muda mrefu. Akatazama barabara, akatazama tena uso wake, kama mtu anayetafuta dalili za homa.

"Watatu wazima?"

"Wazima. Wanaotembea."

"Wewe, uliyekuja hapa mwaka ule kunifundisha kumwaga maji ya moto kwenye viungo vya kitanda?"

"Mimi huyo huyo. Ulimwaga?"

"Nilisema nitamwaga," Nyamai akajibu, akaingia ndani. Alirudi na kiberiti, akakishika kwa vidole viwili. "Nimekutilia wanne. Mmoja ni mdogo, usimhesabu. Na mwaitu, hawa hawakutoka kwangu."

"Hata sikufika hapa."

Ijumaa asubuhi, kabla ya ukaguzi, Katunge alipiga magoti kwenye kitanda cha kwanza karibu na mlango na kufungua kiberiti. Katika miaka yake kumi na tisa ya kazi alikuwa amewaponda, amewachoma, amewamwagia maji ya moto, amewavizia kwa tochi, na sasa alikuwa akiwaingiza kwa mkono wake mwenyewe, akiwasukuma na njiti ya kiberiti ili waingie kwenye kiungo cha chuma. Walisitasita. Bweni lilinuka dawa ya kufanyia usafi, na juu ya dawa hiyo harufu ya pembe ya ukuta. Magoti yalimkataa alipotaka kusimama, akajivuta kwa kushika kitanda.

Gicheru alipofika, Katunge alimwonyesha kiungo hicho. Naibu aliinama, akavaa miwani. Kunguni mmoja alikuwa akitembea polepole juu ya rangi ya kijivu, mchana kweupe, kama mgeni asiyejua kwa kwenda.

"Siamini," Gicheru akasema. Akanyooka. "Matroni. Miaka kumi na tisa?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mabweni mengine manne hayana. Ni hili lako tu."

"Ndiyo."

"Itabidi niliandike. Faili lako halina doa hata moja, nimelisoma. Lakini hili itabidi niliandike."

"Andika, Mwalimu. Na magodoro?"

"Yatolewe. Yote. Leo hii, wala tusingoje kesho." Akavua miwani. "Na lile la ziada lichukue tena. Chukua hata mawili, utabadilishia yatakayopatikana na wadudu."

Yakatoka tisini na sita. La Musyimi lilikwenda katikati ya msafara kichwani mwake, likalazwa safu ya nne, jirani na la Mulinge. Habari za kunguni zilizunguka shule kabla ya chakula cha mchana na hakuna aliyemkumbuka paka tena.

Magodoro yakiwa nje, Katunge aliomba jikoni maji ya moto na kurudi kwenye kile kitanda cha mlangoni. Alipata kunguni watatu, akiwemo yule mdogo. Alitafuta wa nne kwenye kila kiungo, kila ufa, chini ya kila sanduku, mpaka maji yakapoa. Hakumpata.

Kufikia mwisho wa Machi Bweni la Athi lilikuwa na kunguni wa kweli.

Wapiga dawa wataitwa tena shule ikifungwa. Mpaka hapo kazi ni ile ile pamoja na nyingine juu yake: madebe sita ya maji ya moto kila Jumatano na Jumamosi, viungo vya vitanda arobaini na vinane vya ghorofa, chini na juu. Wavulana hujikuna gwarideni. Barua ya onyo imeingia faili, mistari minne, na Gicheru hamvutii tena kiti. Jina nalo limepatikana, maana bweni haliwezi kukaa bila mtu wa kucheka, na limemwangukia yeye. Mama Kunguni. Limeandikwa kwa mkaa kwenye tanki la maji, na mtu amechora karibu yake mdudu mwenye miguu minane, miwili zaidi ya anayostahili.

Jumamosi ya mwisho ya muhula alikuwa amekaa juu ya ndoo yake, kiuno kimekataa tangu Jumatano, kwenye godoro la ishirini. Mbele ya safu ya tatu kijana mmoja alikuwa ameshika kiuno na kuburuta mguu, akitembea mbele ya wenzake.

"Nje!" kijana akatangaza, kwa sauti ya mwanamke aliyechoka. "Nje, nje, na kunguni wako nje!"

Wakaanguka kwa kicheko. Mulinge alicheka mpaka akakaa chini. Ulikuwa mwigo mzuri; mguu hasa aliupatia. Kijana alipogeuka, Katunge aliona ni Musyimi, naye Musyimi akaona ameonekana. Safari hii hakutazama viatu vyake.

"Musyimi," Katunge akaita. "Geuza godoro lako. Upande wa pili haujaona jua."

"Ndiyo, Mama Kunguni!"

Kicheko kikapanda tena. Musyimi akainamia godoro, akaligeuza kwa mikono miwili, akalipiga kofi kama mtu anayemuuza ng'ombe, akakimbia kuwafuata wenzake waliokuwa wakielekea uwanjani.

Katunge alikaa kidogo zaidi. Kisha akashika ukuta, akasimama, akachukua debe na kwenda jikoni kuuliza kama maji yamechemka.