Magaga ya Mchumba

Jumamosi nilikuwa Rutamba, tumekwenda kuposa. Shangazi wa kijana wetu hakuuliza ukoo wala elimu ya binti, aliomba mguu. Akaupakata, akapapasa kisigino, akaguna.

“Laini hivi? Magaga yako wapi? Sisi kwetu mikorosho!”

Msomaji wa mjini, magaga ni ile mipasuko ya kisigino anayoipata mtu wa shamba. Posa inayeyuka tunaiona.

Binti akaingia ndani, akarudi na jiwe la kusugulia miguu, limejaa unga mweupe wa ngozi.

“Haya hapa, shangazi. Mama alinisugua jana ili niwapendeze wageni.”

Vigelegele! Shangazi alicheza hadi kanga ikamdondoka. Mimi, mla korosho za dukani, nikaificha miguu yangu laini chini ya kanzu.